SOMO LA WANACHAMA: JOTO, UKUNGU NA DAWA ZISIZOUA TENA



Kila mwenye shamba ajua kuwa karafuu mbichi zikirundikwa bila kuanikwa hushika joto na kuharibika, na zikikosa jua siku za mvua huota ukungu. Somo la leo ni juu ya adui huyo huyo, ila safari hii hayupo jamvini. Anatafuta njia ya kuingia miilini mwetu.

Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37 za Sentigredi. Jamii nyingi za ukungu zilizozoea udongo na majani haziwezi kuishi katika joto hilo, na hiyo ni kinga yetu kubwa. Lakini dunia sasa ina joto zaidi ya nyuzi 1 kuliko ilivyokuwa katika karne ya 19. Ukungu ukizoea joto kidogo kidogo, kinga hiyo hupungua.

Tutazame ukungu uitwao Candida auris. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 huko Japani, baada ya kukutwa katika sikio la mgonjwa. Miaka michache baadaye ulikuwa umeonekana Bara Hindi, Afrika ya Kusini na Amerika ya Kusini. Ajabu ni kuwa kila upande ulikuwa na ukoo wake mbali, kana kwamba ulizuka kote karibu wakati mmoja. Mwaka 2019 baadhi ya wataalamu walitoa rai kuwa joto la dunia limeufungulia mlango. Rai hiyo bado haijathibitishwa. Mwaka 2021 ikatangazwa kuwa umepatikana nje ya hospitali, katika visiwa vya Andaman, vilivyo Bahari ya Hindi kama vyetu. Ukungu huu huweza kuua wagonjwa dhaifu, na mara nyingi hausikii dawa ya flukonazoli.

Usugu huo waanzaje? Dawa huua vijidudu wengi, wakabaki wachache wenye maumbile ya kustahimili. Hao huzaa, na watoto wao huwa kama wazazi. Bakteria wana hatari zaidi, kwani huweza kupeana maumbile hayo hata wasipokuwa wa ukoo mmoja. Joto huwasaidia wengi wao kuzaana upesi, na mafuriko huchanganya maji ya vyoo na ya visima. Uchunguzi juu ya Marekani uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mahali penye joto zaidi palikuwa na bakteria sugu zaidi.

Na sisi wakulima tumo katika jambo hili. Dawa za azoli zinazonyunyizwa mashambani kuzuia ukungu ni ndugu wa flukonazoli. Huko Uholanzi, nchi ya mashamba ya maua, ukungu wa Aspergillus fumigatus, ambao hukaa katika marundo ya takataka za shamba na kuingia mapafuni kwa pumzi, umeizoea azoli. Wako wagonjwa waliopewa dawa hiyo isiwafae, hali hawajapata kuitumia maishani mwao. Mwaka 2014 iliripotiwa kuwa ukungu sugu wa namna hiyo umekutwa Tanzania pia. Na dawa za kutibu ukungu ulioingia ndani ya mwili ni aina chache mno, za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Basi yatupasa haya:

1. Anika mavuno upesi na uyakaushe barabara, kata matawi yaliyokufa, usibananishe mimea. Ukungu ukikosa unyevu, dawa haihitajiki sana.

2. Ukinyunyizia nyanya au mboga, fuata kipimo kilichoandikwa. Usitumie dawa moja msimu hata msimu; muulize bwana shamba.

3. Usinunue antibiotiki kwa kubahatisha, wala usimpe jirani masalio yako. Mafua hayaponi kwa antibiotiki. Ukipewa na daktari, tumia kama alivyoagiza.

4. Usiwape kuku na ng'ombe dawa hizo ili wanenepe.

5. Baada ya mafuriko, chemsha maji ya kunywa.

Dawa ni akiba ya kijiji kizima: mmoja akiichota ovyo, siku ya shida hukosa wote, na pengine atakayekosa ni mtoto wake mwenyewe. Aliyesoma na awasimulie jirani zake.