Hulka na Maradhi: Tabia ya Mtu Inapobadilika

Binadamu hatufanani kwa hulka. Watoto wa tumbo moja, waliolelewa katika nyumba moja kwa maonyo yale yale, mmoja huwa mkimya, mwingine msemaji, wa tatu mwepesi wa hasira. Tofauti hizi huonekana tangu utotoni, hutokana na urithi na malezi kwa pamoja, wala hazihitaji dawa. Mkimya si mgonjwa, na mwenye maneno mengi si mwehu.

Linalopaswa kumshtua mhudumu wa afya ni jambo jingine: mtu mzima aliyejulikana kwa hulka moja anapoanza kuonyesha nyingine.

Kisa mashuhuri ni cha Phineas Gage, kijana wa miaka 25 aliyesimamia wajenzi wa reli katika jimbo la Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, baruti ililipuka alipokuwa akiishindilia mwambani. Mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi uliingia shavuni upande wa kushoto ukatokea utosini. Gage hakufa. Baada ya muda mfupi alizungumza, na kidonda kilipona. Hata hivyo, daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba msimamizi yule aliyeaminika sasa alikuwa mtu wa matusi, asiye na subira wala msimamo. Waajiri hawakumrudishia cheo chake, na rafiki zake walisema kuwa huyu si Gage tena.

Kisa hiki kiliwasaidia wataalamu kutambua kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso: kujizuia, kupanga, na kupima matokeo ya matendo. Ikiumia, mtu anaweza kutembea na kuzungumza vizuri, lakini ashindwe kujitawala.

Si lazima uwe mtaimbo. Ajali ya pikipiki, uvimbe wa ubongo, kaswende isiyotibiwa, VVU, ulevi wa muda mrefu na demensia vyote vyaweza kubadili tabia. Mabadiliko yanayotokea ndani ya saa au siku chache ni dharura: pima sukari na malaria, na ufikirie homa ya uti wa mgongo.

Mhudumu wa afya aulize maswali matatu. Zamani alikuwa mtu wa namna gani? Mabadiliko yalianza lini? Kabla yake kulitokea nini: ajali, homa, degedege, dawa mpya? Majibu yatafutwe pia kwa jamaa, kwa kuwa mara nyingi mgonjwa mwenyewe hatambui kwamba amebadilika.

Nanyi jamaa, mke akisema, "Huyu si mume wangu niliyemjua," asijibiwe kwa kuambiwa avumilie, wala mume asihukumiwe kuwa mkorofi au aliyerogwa kabla hajapimwa. Baadhi ya vyanzo hutibika, hasa vikigunduliwa mapema.

Gage mwenyewe baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi iliyohitaji ratiba na uangalifu. Alifariki mwaka 1860, baada ya kupatwa na degedege. Baadhi ya watafiti huona kwamba utaratibu ule wa kila siku ulimsaidia kurejesha sehemu ya utu wake. Aliyebadilika, basi, asikatiwe tamaa. Apimwe, atibiwe, na apewe nafasi.