Waridi kutoka Shambani hadi Mlangoni

Swali: Nalima mawaridi Naivasha. Nataka kuwauzia wateja wa Nairobi bila dalali, oda zijiendeshe zenyewe. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye ubaridi, si kwenye programu. Waridi likikatwa liingie majini upesi, kisha chumba cha baridi, nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Kompyuta haiokoi ua lililonyauka. Baada ya hapo unganisha oda na M-Pesa: mteja achague, aweke namba ya siri, na malipo yakithibitika ndipo orodha ya kukata imfikie msimamizi wako. Funga oda jioni, kata alfajiri. Kila oda ipunguze hesabu ya maua yaliyopo, hasa kuelekea Februari 14, la sivyo utauza usichonacho. Malalamiko, tafadhali, yapokelewe na mtu.