Liwali, baladia, mjumbe: barua yako iende wapi?

Muulize mtu wa Birkat al-Mawz nani wakili wa falaji, msimamizi wa mfereji wa maji, atakutajia jina kabla hujamaliza swali. Atakwambia na zamu yake ya maji ni siku gani, na nani alichelewa kufungua kizibo wiki iliyopita. Muulize mtu huyohuyo nani mjumbe wake katika Baraza la Manispaa, aliyepigiwa kura Desemba 2022, na mara nyingi jibu litakuwa: "Ngoja nimuulize kijana wangu."

Hilo linaniuma. Wakili wa falaji tunamjua kwa sababu tunamtafuta. Maji yakipungua, tunabisha mlango wake alfajiri. Mjumbe hatumtafuti, kwa hiyo hatumjui. Na kwa kuwa hatumjui, njia ikiharibika tunalalamika kwenye sabla, baraza letu la mtaa, kahawa inazunguka, halua inaliwa, na njia inabaki vilevile.

Safu ya leo ni kwa ajili yenu mlio Ibra, Sur, Nizwa na wilaya za jirani, hasa nyinyi ambao nyumbani mnasema Kiswahili na barua ya Kiarabu cha ofisini inawatia uzito. Haki ya kuwaandikia wenye mamlaka ni yenu. Iliandikwa tangu Sheria ya Msingi ya mwaka 1996, katika kifungu cha 34 cha wakati ule: raia ana haki ya kuziandikia mamlaka za umma, kwa jambo lake binafsi au kwa jambo la wote, kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Ukimwandikia mkubwa hujamkosea adabu.

Tuanze na kumjua nani ni nani, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Liwali tunamjua tangu zamani. Jina lenyewe tuliishi nalo ng'ambo: Mombasa, Malindi na Lamu zote zilikuwa na maliwali wa Sultani. Hapa Oman liwali ni mkuu wa serikali katika wilaya, na juu yake yuko muhafidh, mkuu wa mkoa. Wote wawili wanateuliwa. Hujawapigia kura, lakini ofisi zao ni zenu, na kwa mambo ya haraka, kama ugomvi wa mpaka au hatari inayotisha watu, mlango wa liwali ndio wa kwanza. Baladia nayo ni ofisi ya kazi: taka, vibali vya ujenzi, taa za mitaa, usafi wa soko. Kwenye mikoa yetu huduma hizo ziko chini ya muhafidh. Taa ya mtaa ikizimika, usimtafute mjumbe. Nenda baladia, toa taarifa, chukua nambari.

Sasa waliochaguliwa. Wako wa aina mbili, na watu huwachanganya kila siku.

Wa kwanza ni wajumbe wa Baraza la Manispaa. Kila mkoa una baraza lake, kwa hiyo mtu wa Sur yuko chini ya baraza la Sharqiyah Kusini, wa Ibra la Sharqiyah Kaskazini, wa Nizwa la Dakhiliyah. Mwenyekiti ni muhafidh mwenyewe. Mabaraza haya yaliwekwa kwa Amri ya Sultani nambari 116 ya 2011, na uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba 2012, wa pili 2016, wa tatu tarehe 25 Desemba 2022, walipochaguliwa wajumbe 126 kwa wilaya 63 za nchi nzima. Muhula ni miaka minne.

Wa pili ni wajumbe wa Baraza la Shura, lililoanzishwa 1991, ambalo jengo lake liko Al Bustan, Muscat. Shura ina wajumbe 90 tangu uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2023. Wilaya yenye raia zaidi ya 30,000 inatoa wajumbe wawili, iliyo chini ya hapo mmoja. Nizwa ina wawili, na Sur ina wawili. Hapa niseme jambo linalonisikitisha: katika uchaguzi ule wa 2023 hakuchaguliwa hata mwanamke mmoja. Kwa hiyo dada yangu, kama ulikuwa unaona haya kumwandikia mjumbe mwanamume kuhusu jambo la hospitali ya uzazi au la shule ya watoto, nakuomba usisubiri muhula mwingine. Yeye ni mjumbe wako kama alivyo mjumbe wa mumeo.

Tofauti yao kwa ufupi ni hii: jambo la mtaa, la wilaya, la mkoa, lipelekee Baraza la Manispaa. Jambo la sheria, la bajeti ya nchi, la wizara nzima, lipelekee Shura. Barabara ya ndani ya kijiji hadi msikitini ni ya manispaa. Kama hospitali ya rufaa haina madaktari wa fani fulani kwa mwaka mzima, hilo ni la Shura, kwa sababu mjumbe wa Shura anaweza kumwandikia waziri wa wizara ya huduma swali la maandishi, kuomba taarifa, kutoa kauli ya dharura ukumbini, na jambo likifika mbali, kushirikiana na wenzake kumwita waziri ahojiwe.

Sitaki kukudanganya, ndugu yangu. Mjumbe hana fedha za kujenga daraja wala mhuri wa kutoa amri. Kazi yake ni kuuliza, kupendekeza na kufuatilia. Lakini fedha za mikoa zipo: katika mpango wa miaka mitano wa 2021 hadi 2025, kila mkoa uliongezewa fungu la maendeleo kutoka rial milioni 10 hadi milioni 20. Zikigawiwa, anayezungumza kwenye kikao cha baraza ni yule mjumbe usiyemjua jina, na mtaa ambao haujamwandikia hana la kuusemea.

Basi umtafute vipi?

Kwanza hakikisha wilaya yako. Hili si dogo. Mwaka 2022 Sinaw na Jabal Akhdar zilifanywa wilaya zenye kujitegemea. Sinaw ilikuwa ndani ya Mudhaibi, Jabal Akhdar ndani ya Nizwa. Mtu wa Sinaw anayeendelea kumwandikia mjumbe wa Mudhaibi anabisha mlango wa nyumba aliyokwisha hama. Halafu kuna sisi ambao asili yetu ni Ibra au Nizwa na tunaishi Seeb au Mawaleh kwa ajili ya kazi. Jina lako kwenye daftari la wapiga kura limeandikwa wilaya moja tu, na hiyo ndiyo yenye mjumbe wako. Ingia tovuti ya uchaguzi ya Wizara ya Mambo ya Ndani, elections.om, uangalie jina lako limekaa wapi. Kama halimo na umetimiza miaka 21, jiandikishe mlango ukifunguliwa. Siku hizi kura inapigwa kwa programu ya simu iitwayo Antakhib: unaigusisha bataka yako, kile kitambulisho, nyuma ya simu, simu inasoma chipu, kisha unachagua. Nimemwona bibi mmoja, bataka mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto, mjukuu anamwambia "isogeze juu kidogo, bibi, juu kidogo," hadi simu ikalia. Alicheka kama msichana. Lakini bataka iliyokwisha muda haitakusaidia, wala simu ya zamani isiyoweza kusoma chipu. Mambo hayo yashughulikie mapema, siyo usiku wa uchaguzi.

Orodha ya wajumbe wa Shura, kwa wilaya, iko kwenye tovuti ya baraza, shura.om. Wa manispaa waulizie ofisi ya muhafidh au kwa liwali. Ni ofisi ya serikali, huna haja ya kumjua mtu ndani ili uulize jina la mjumbe wako. Na njia ya tatu, ambayo kwetu ni ya haraka kuliko zote, ni sabla. Baada ya Isha, uliza tu. Nambari ya mjumbe itapatikana kabla finjani haijafika kwako mara ya pili.

Ila kumpigia simu hakutoshi, na kumshika mkono kwenye harusi hakutoshi kabisa. Maneno ya mdomo hayana tarehe. Andika.

Nichukue mfano ambao watu wa Sharqiyah hawatausahau. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2024, maji ya wadi, bonde la mto wa mvua, yalishuka Samad al-Shan, wilaya ya Mudhaibi, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari lililochukuliwa na mkondo. Kila wilaya yetu ina njia inayokatiza wadi. Kama mtaani kwako iko moja na basi la watoto linapita, barua yake iwe namna hii:

"Kwa mheshimiwa mjumbe wa wilaya yetu katika Baraza la Manispaa la Mkoa wa Sharqiyah Kaskazini. Assalamu alaikum. Njia ya kutoka mtaa wetu kwenda shuleni inakatiza wadi mahali pamoja. Mvua ikinyesha, maji hupita juu ya lami. Basi la shule hupita hapo saa 12 na dakika 40 asubuhi na hurudi saa 8 mchana. Hakuna nguzo ya kupima kina wala kizuizi cha kufunga njia. Tunaomba mawili: nguzo na kizuizi viwekwe kabla ya msimu wa mvua, na tupate jibu la maandishi kama daraja la hapo limo katika mpango wa mkoa. Tumeambatisha picha nne na mahali penyewe kwenye ramani. Majina na simu za nyumba 11 ziko nyuma."

Tazama barua hiyo. Haina ukurasa wa sifa, haina ukurasa wa lawama. Ina mahali, ina saa, ina mambo mawili yanayoombwa, ina watu wanaoweza kupigiwa simu. Mjumbe anaweza kuisoma kikaoni kama ilivyo bila kubadilisha neno.

Kiarabu kikikushinda, usiache. Iandike kwa Kiswahili kwanza ili fikra zako zinyooke, kisha mpe mwanao aifasiri, au nenda ofisi ya Sanad iliyo karibu nawe. Kuandika karatasi za serikali ndiyo kazi yao, kwa ujira mdogo. Aliyeiandika akusomee neno kwa neno kabla hujatia saini. Nimeona barua iliyoanza kuomba taa za njia ikaishia kuomba kiwanja, kwa sababu mwandishi alitumia karatasi ya mtu aliyetangulia.

Nakala moja kwa mjumbe, moja ofisi ya muhafidh au liwali, moja ibaki nyumbani. Pale ofisini omba nambari ya muamala na tarehe ya kupokelewa, uziandike juu ya nakala yako kwa mkono wako. Karani akikwambia "acha tu, tutakupigia," kaa hapohapo kwa upole, useme: "Mwanangu, nisaidie nambari, mimi mtu mzima, nasahau." Wiki tatu au nne baadaye rudi na ile nambari. Utaulizia karatasi, hutaomba hisani, na hapo wasta, yaani kujuana na wakubwa, haina kazi.

Kuna mambo ambayo hayana haja ya mjumbe. Ukiona fedha za umma zinachezewa, taarifa inapelekwa kwenye chombo cha ukaguzi wa fedha na utawala cha taifa. Ukiwa umepewa uamuzi wa ofisi unaokudhuru wewe mwenyewe, kama kibali kilichofutwa, mahakama ina kitengo cha mashauri ya utawala, na muda wa kupinga ni mfupi. Usiutumie wote ukingoja mjumbe arudi safari.

Na hapa nakusihi kwa moyo wote: malalamiko yako yapelekwe ofisini, yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2011 na Sheria ya Adhabu ya 2018 hazina mzaha kwa mwenye kumtukana mtu au kumtuhumu kwa jina. "Njia haina kizuizi" ni habari. "Fulani amekula pesa za kizuizi" ni kesi, na mwenye kuilipia ni wewe, hata kama sauti uliyoituma ilikuwa ya sekunde kumi kwa jamaa watupu.

Nimalizie na wale ambao bataka yao ni ya ukaazi: ndugu zetu kutoka Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, walioko Sur kwenye maduka na Nizwa kwenye majumba ya watu. Kura ya hapa hamna. Lakini baladia inapokea taarifa ya taa iliyozimika bila kuuliza ni nani aliyeileta, Tume ya Haki za Binadamu ya Oman inapokea malalamiko ya raia na ya wakaazi, na Wizara ya Kazi ndiyo mlango wa mshahara usiolipwa. Mtanzania ana ubalozi wake Muscat, na Mkenya ana wake. Nambari ya ubalozi iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na pasi yako au ndani ya kanga, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa mambo yakiharibika.