Nani Ataendelesha Muchezo?



Siku ya posho iliyopita tuligombana mu sali kubwa. Haikuwa kugombana kwa mikono, ilikuwa ya maneno paka, lakini maneno yalipanda mupaka mulinzi akakuja kuangalia kama kuna moto. Mwenzetu wa klasi ya tano alileta mu flashi vipande vitatu vya muchezo wa televizio wa Waingereza, jina lake Doctor Who, vyenye vilitiwa mu Kifaransa. Yaya yake anayekaa Liège njo alimupatia. Tuliangalia viwili, umeme ukakatika, na mu giza mutu mumoja akauliza: "Sasa nani atakamata ile kazi?" Aliuliza hivyo kwa sababu kule Ulaya wapenzi wa muchezo huo wanabishana miaka na miaka juu ya mutu anayestahili kuuongoza.

Kila mutu mu sali alielewa mara moja kwamba swali lile ni letu pia. Munajua muchezo wetu wa treni, ile yenye kutoka Lubumbashi leo na kufika Elisabethville ya 1910. Tunaucheza kila mwisho wa muhula, tangu miaka sita. Yaya anayeuongoza ni finalisti. Kisha egzamen ya Serikali atakwenda zake, na muchezo utabaki mu mikono ya nani? Wamoja walisema fulani, wengine fulani, na mwisho hakuna mutu aliyesikia mwenzake. Basi sisi wa komite ya gazeti hili tuliona ni vizuri kutafuta habari mbele ya kubishana tena. Somo hili ndilo tulilopata.

Kwanza, kwa wale hawakuwa mu sali. Doctor Who ni hadithi ya kubuni ya kisayansi. Kuna musafiri mumoja wa dunia ingine, anaitwa Doctor, anayetembea mu nyakati zote ndani ya sanduku la buluu, kama kibanda cha polisi wa zamani. Kwa inje ni kidogo, kwa ndani ni kikubwa kupita nyumba. Kipande cha kwanza kilionyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Wakati ule muji wetu ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville. Muchezo ule ulizaliwa mbele ya wazazi wetu wengi.

Muchezo wawezaje kuishi wakati mrefu namna ile? Mu 1966 mucheza wa kwanza, muzee William Hartnell, alikuwa na ugonjwa, hakuweza tena. Wangeweza kufunga. Lakini walivumbua jambo la akili sana: Doctor akikaribia kufa, anabadilika mwili. Anakuwa na sura ingine, sauti ingine, na hata tabia ingine, lakini ni yeye yule. Tangu siku ile hakuna mutu wa lazima mbele ya kamera. Hata Mukongo angeweza kucheza Doctor, na hatusemi hivyo kwa kuchekesha: Ncuti Gatwa, aliyecheza kazi hiyo tangu 2023 mupaka 2025, alizaliwa Kigali mu 1992. Jamaa yake walikimbia Rwanda wakati wa mauaji ya 1994, wakakaa Scotland.

Lakini hapa wengi wetu tulipotea njia siku ile ya posho. Tulisema juu ya sura, na sura si mukubwa wa muchezo. Mukubwa ni yule asiyeonekana: anachagua waandikaji, yeye mwenyewe anaandika, anasema hiki kiingie, hiki kitoke. Wapenzi wa kule wanabishana zaidi juu ya yule. Na habari za wakubwa wale zinafundisha kuliko habari za wachezaji.

Wa kwanza alikuwa mwanamuke, Verity Lambert, mwenye miaka 27 tu alipoanza. Juu yake alikuwa Sydney Newman, mutu wa Canada, aliyesaidia kuvumbua muchezo wenyewe. Newman alitoa sheria: hataki manyama ya ajabu yenye macho ya kutokeza, sababu muchezo ni wa kufundisha watoto. Mu hadithi ya pili tu, mu Desemba 1963, Lambert aliingiza Dalek, vitu vya chuma vyenye kupiga kelele na kuua. Newman alikasirika. Halafu watoto wa Uingereza wote wakataka kuwa Dalek mu viwanja vya shule, na Newman akakubali kwamba bibi yule aliona vizuri kumupita. Kama Lambert angekamata sheria ya mwenye kuvumbua bila kuiuliza kitu, labda leo hatungekuwa na kipande kimoja cha kuangalia mu flashi.

Tusikimbie na kusema: basi, kiongozi mupya avunje kila kitu. Tungoje kidogo.

Mu miaka ya 1980 mambo yaliharibika. Mukubwa wa wakati ule, John Nathan-Turner, alibaki mu kazi miaka tisa, wapenzi wengi wakamuchoka. Mu 1985 BBC ilisimamisha muchezo kwa miezi 18. Na mu Desemba 1986 kilitokea kitu tulichopenda kuliko vyote mu habari hii. Kijana mumoja wa miaka 16, wa kundi la wapenzi la Liverpool, alialikwa mu televizio pamoja na wenzake. Waandikaji wawili wa muchezo, Pip na Jane Baker, walikuwa wanasikiliza. Kijana akasema wazi, bila woga, kwamba hadithi za mwaka ule zingeweza kuandikwa vizuri zaidi. Jina lake Chris Chibnall. Mu 2018 kijana yule, sasa mutu muzima, njo alikuwa mukubwa wa Doctor Who.

Alipoingia aliweka Jodie Whittaker, mwanamuke wa kwanza kucheza Doctor mu muchezo ule. Wengi walifurahi, wengine walikasirika. Mu 2020 akafanya kubwa zaidi: akabadilisha mwanzo wa Doctor, akasema kwamba yule wa sanduku la buluu hakutoka mahali penye watu waliamini tangu miaka mingi. Ee, ndugu! Wapenzi walimusema vibaya kuliko vile yeye alivyosema mu 1986. Pengine mu sebule moja ya Liverpool kulikuwa kijana wa miaka 16 aliyesema: "Ingeandikwa vizuri zaidi."

Tuliposoma habari ile mu komite, mumoja wetu alinyamaza. Yeye ndiye aliyepiga kelele zaidi siku ya posho kusema kwamba vipande vyetu vya mwaka huu ni vya bure. Tulimuuliza: "Wewe umeandika kimoja?" Hakujibu. Hatukumucheka, maana sisi wengine pia hatukuandika.

Maana Chibnall hakutoka mu kundi la Liverpool siku moja na kukaa mu kiti. Katikati kulikuwa miaka 30 ya kuandika. Aliandika michezo mingine, kama Broadchurch, yenye ilipendwa sana tangu 2013. Na wale waliomutangulia vilevile. Doctor Who ilikufa mu 1989. Miaka zaidi ya 15 kulikuwa tu filme moja ya televizio, mu 1996. Lakini wapenzi hawakukaa kulia. Waliandika vitabu, na tangu 1999 walitengeneza michezo ya kusikiliza kama ya radio. Russell T Davies, mutu wa Wales aliyefufua muchezo mu 2005, alikuwa ameandika kitabu kimoja cha Doctor mu 1996, wakati hakuna mutu aliyemuahidi kitu. Steven Moffat, aliyekamata kazi mu 2010, aliandika mu 1999 muchezo mufupi wa kuchekesha juu ya Doctor, wa kukusanyia masikini feza. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi ile mbele ya kupewa jina la kazi. Mu 2023 Davies alirudishwa, na mu Oktoba 2025 BBC ilitangaza kwamba Disney, iliyosaidia kulipa, haiendelei tena, na kwamba Davies ataandika kipande cha Noeli ya 2026. Nyuma ya tangazo lile wapenzi walirudi palepale: nani sasa? Mupya? Wa zamani? Mwanamuke? Mutu asiyekuwa mupenzi hata kidogo, ili alete hewa? Walimu wetu wanaweza kuchukua swali hili la mwisho mu somo la Kifaransa, ni zuri kwa kubishana.

Kuna jambo lingine tulilobishana, nalo halikutoka Uingereza. Mumoja alisema: "Sababu gani mukubwa awe mumoja? Tuweke watatu." Hapo tulikumbuka kikundi cha Mufwankolo, cha hapa kwetu, chenye wazazi wetu walisikiliza mu radio na kuangalia mu televizio, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mu 1986 kikundi kile kilitengeneza muchezo juu ya musemo wa Kifaransa, Le pouvoir se mange entier, ni kusema uwezo hauliwi nusu-nusu, unaliwa muzima. Johannes Fabian, mwenye elimu aliyefundisha zamani ku univasite yetu, aliandika namna walivyoutengeneza, kitabu chake kilitoka mu 1990. Ajabu ni hii: muchezo ulisema kwamba uwezo haugawanyiwi, lakini wao wenyewe waliutengeneza kwa kukaa pamoja, kuzungumuza, mumoja analeta wazo, mwingine analikataa, bila karatasi yenye maneno yote. Mufwankolo alikuwa mukubwa, hakuna mashaka. Lakini maneno yalikuwa ya wote.

Sisi mu komite tunaona hivi, na mutu anaweza kutukatalia: mukubwa awe mumoja, kwa sababu watatu wataandika treni tatu zenye kwenda njia tatu. Lakini asiandike peke yake. Na juu ya kile cha kuvunja na cha kuacha, tuliandika paka mambo mawili yenye hatutaki yaguswe: treni inatoka kila mara Lubumbashi ya leo, na hakuna abiria anayeweza kurudi na kitu ambacho hakuwa nacho wakati wa kupanda. Mengine yote, hata dereva, anayeweza ayabadilishe. Mwenzetu wa klasi ya sita anasema sheria ya pili ni ya bure. Labda ni yeye Verity Lambert wetu, hatujui bado.

Kwa hiyo hakutakuwa kupiga kura siku ya tatu ijayo, hata kama tulitangaza hivyo. Yule mwenye kutaka kazi, au asiyeitaka lakini ana wazo, alete karatasi moja, pande mbili, bila jina. Yaya finalisti atazisoma kwa sauti mu sali, saa tisa kisha masomo, na tutasikia. Walimu pia wanaruhusiwa, lakini wasiandike Kifaransa cha kutisha. Wote muanze pale tulipoacha: Mama mwenye kuuza samaki yuko ku stesheni ya Likasi, mu mwaka wenye muji ule uliitwa bado Jadotville, treni imekwisha kuondoka, na mbele yake kuna mizigo mine, lakini yeye alipanda na mitatu.