Herufi Mbili, Sauti Moja

Mtoto aliyekwisha kujua kusoma ba, ma na ta hufika penye neno «shamba» akasimama. Aiona s, aiona h, wala hajui la kufanya. Mzazi asimkaripie, hajafundishwa bado kwamba herufi mbili huweza kuwa sauti moja.

Herufi ziendazo pamoja hivyo katika Kiswahili ni ch, dh, gh, kh, ny, sh, th na ng'. Zisifundishwe zote siku moja. Zitangulie sh, ch na ny, kwa kuwa maneno yake yamo nyumbani: shoka, chai, nyama.

Kwanza, usitaje majina ya herufi. Tamka sauti yenyewe, naye akufuatishe.

Pili, iandike pamoja na irabu zote: sha, she, shi, sho, shu. Pasipo karatasi, kijiti na mchanga vyatosha.

Tatu, likate neno kwa silabi: sha-mba, nyu-mba, si nyum-ba. Lakini katika maneno mafupi kama m-bu na n-chi, herufi ya kwanza ni silabi peke yake.

Nne, soma maneno yanayokaribiana, naye ayaandike: sindano na shindano, ngoma na ng'ombe. Hapa ndipo penye faida ya kazi yote. Mtoto akimwandikia baba yake aliye kazini mjini, «Jumamosi tuna sindano shuleni,» naye ataka kusema shindano, baba atadhani maradhi yameingia kijijini.

Tena ikumbukwe lugha ya nyumbani. Th ya Kikikuyu hutamkwa kama dh ya Kiswahili. Kwa hiyo mtoto asomaye «thamani» kama «dhamani» si mvivu, bali afuata lugha ya mama yake. Kijaluo nacho hakina sauti ya sh, hata «shule» ikawa «sule». Watoto hawa wasikilizishwe sauti zote mbili mara nyingi kabla ya kuandika.

ZOEZI. Mtoto asome, kisha apige mstari chini ya herufi ziendazo pamoja:

Nyanya yuko shambani.
Chai haitiwi chumvi.
Fedha na dhahabu zina thamani.
Ng'ombe hachezi ngoma.

Robo saa kila jioni yatosha. Akichoka, mwache; kesho ataanza kwa furaha.