Kuihamisha Tovuti ya Duka

Swali: Tovuti ya duka letu la vikoi ni ya 2009, na kwenye simu haisomeki. Nikiihamishia WordPress, nihofu nini?

Jibu: Ndugu msomaji, la kuhofiwa si sura bali anwani, kwani ukurasa uliojulikana kwa Google na kwa wateja kuwa vikoi.html, ukigeuzwa jina pasipo kuwekewa elekezo la kudumu, lile la namba 301, huwa kama nyumba iliyohama bila kuwaarifu jamaa. Basi orodhesha kwanza anwani zote, uzioanishe moja moja na mpya. Tena, nakuusia sana, kabla ya kugusa DNS, yaani mipangilio ya jina la tovuti, nakili rekodi za MX, zile zielekezazo barua pepe, herufi kwa herufi, maana zikipotea, maagizo ya barua pepe hayafiki, wala huna habari. Mkataba wa zamani na wanaohifadhi tovuti yako usiuvunje hata mwezi upite salama.