P2 haingoji mawaidha

Binti akiingia famasi pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, mara nyingi husubiri wateja wengine waondoke ndipo anong'one: "Naomba P2." Akiulizwa "Umeolewa?" huenda akageuka akaondoka. Kwa aliyetoka Liganga, kule Ludewa, duka jingine haliko jirani, na saa zinakwenda.

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ni levonorgestreli, miligramu 1.5 kwa jumla. Kazi yake ni kuchelewesha yai kutoka, kwa hiyo imezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana. Hadi siku ya tano yaweza kusaidia, ila nguvu yake imeshapungua. Vikiwa vidonge viwili, meza vyote kwa pamoja. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, rudia. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala haiharibu kizazi. Muuza dawa anayeamini kinyume chake anamnyima mtu msaada kwa kosa ambalo dawa haina.

Yapo maswali ya kuuliza, tena ya lazima: Ilikuwa lini? Hedhi ya mwisho uliiona lini? Unatumia dawa gani? Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi na baadhi ya dawa za kifafa huidhoofisha P2. Anayezitumia asifukuzwe. Mfamasia amshauri kuhusu dozi mara mbili, au ampeleke hospitali kuwekewa kitanzi cha shaba ndani ya siku tano, ambacho kinazuia mimba kwa uhakika kuliko kidonge.

Hapa kwetu kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine. P2 haikingi VVU hata kidogo. Anayehofia maambukizi aende hospitali kuulizia PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya hatari, ambayo nayo lazima ianze ndani ya saa 72 na humezwa siku 28. Aliyebakwa aanzie hospitali moja kwa moja.

Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba. Na kwa kuwa P2 si dawa ya kila wiki, ulizia sindano, kijiti au kitanzi.

Muuza dawa ambaye dhamiri yake inamkataza kutoa P2 aseme hivyo papo hapo, kwa sauti ya chini, na amwelekeze mteja duka analojua ipo.